Kijana wa umeme wa jua apewe na shoka lake

 

Wilayani Hai, chini ya Mlima Kilimanjaro, Chuo cha Ufundi Arusha kina kampasi ya Kikuletwa, palipokuwa na mtambo mkongwe wa umeme wa maji. Kupitia mradi wa EASTRIP uliogharimiwa na Benki ya Dunia, Serikali imepafanya kuwa kituo cha mafunzo ya nishati itokanayo na maji, jua na vyanzo vingine visivyokwisha.

Tunaipongeza Serikali kwa hilo. Ila swali letu ni la siku ya pili baada ya mahafali. Kijana amerudi kwao Uru au Machame na cheti mkononi. Hana ngazi, hana drili, hana hata kifaa cha kupimia umeme. Afanye nini?

Abu Daud amepokea kisa cha Answari mmoja aliyekwenda kwa Mtume (S.A.W.) kuomba. Mtume aliviuza vitu vya mtu huyo, guo na bakuli, kwa dirhamu mbili. Moja ikanunua chakula cha ahali zake, ya pili ikanunua shoka, na Mtume akalitia mpini kwa mkono wake mtukufu. Akamwamuru akatafute kuni aziuze, wala asimwone kwa siku 15. Aliporudi alikuwa amechuma dirhamu 10. Hakufundishwa kukata kuni (kazi hiyo yamkini aliijua). Alichokosa ni shoka.

Leo kuni zenyewe ndizo tunazotakiwa kuzipunguza. Msitu wa mlima wetu uliingizwa katika Hifadhi ya Taifa mwaka 2005, na mkakati uliozinduliwa mwaka 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034. Kazi hiyo itahitaji mafundi, na fundi ahitaji zana.

Fedha ya zana ipo. Sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa wenye ulemavu. Ilisimamishwa mwaka 2023 kwa kasoro za usimamizi, ikarejeshwa 2024. Kwa Muislamu aikimbiaye riba, mlango huu ni adimu, na wapo wanaoupita wakidhani kila mkopo ni haramu. Tunaziomba halmashauri za Moshi na Hai ziwatazame kwa jicho la pekee vijana wanaounda vikundi vya ufundi wa nishati, mabinti wakiwemo.

Nasi wenye misikiti tusinyooshee Serikali kidole tu. Kamati inayotaka pampu ya sola kwa ajili ya maji ya udhu imwajiri kijana huyu kwa mkataba wa maandishi na imlipe ujira wake kamili. Kumwambia fundi afanye kwa ajili ya Allah, kisha kumpa nauli, ni dhulma. Na Ijumaa hii maimamu wawatangazie vijana kwamba maombi ya mikopo huanzia kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata.