FUNDI WA RADA NAYE NI MFANYA KAZI



Katika mkutano wa tawi letu uliopita alisimama mzee mmoja akaomba chama kiandike barua ya kuwashukuru mafundi wa jeshi, wale wanaotunza rada na vipimo vya hali ya hewa katika viwanja vya ndege. Watu walicheka, na wengine wakamzomea wakisema, "Hao ndio waliotumwa kuvunja mgomo!" Mzee akaketi. Sisi tuliokuwa viti vya nyuma hatukusema neno siku ile, na sasa twaona haya. Kwa hiyo twasema leo.

Habari ya mgomo ni kweli. Tarehe 6 Machi 2019 wafanya kazi wa viwanja vya ndege waligoma katika kiwanja cha Jomo Kenyatta, Nairobi. Polisi waliwatawanya kwa moshi wa kutoa machozi, na wanajeshi wakaletwa kukagua abiria. Hatulisahau jambo lile. Lakini askari hakujituma. Aliamriwa, naye hana ruhusa ya kukataa amri, wala hana chama cha kumsemea. Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007 imemwacha nje. Katiba ya 2010 imetupa sisi haki ya chama na mgomo katika kifungu cha 41, na katika kifungu cha 24 imeruhusu haki hiyo hiyo ipunguzwe kwa wanajeshi na polisi. Kumchukia mtu kwa sababu hana chama, nasi twajiita watu wa chama, hilo ni jambo la ajabu.

Sasa tutazame kazi yenyewe. Sisi tulio watu wa Ganda tunafanya kazi ya reli Mombasa, maana reli haikufika Malindi. Kiwanja cha ndege cha Malindi kiko jirani na kwetu, nacho ni cha raia, lakini kazi ya mitambo ni moja, avae fundi magwanda au asivae. Rubani hushuka kwa kutazama saa inayomwambia yuko juu kiasi gani, na saa ile hurekebishwa kwa kipimo cha uzito wa hewa anachosomewa kutoka chini. Kipimo kikikosea milibari 1, rubani amekosea futi 30 hivi. Kikikosea milibari 10, ni futi 300, na mnazi mrefu kabisa wa Ganda haufiki futi hizo. Hesabu hiyo kila mmoja aifanye mwenyewe usiku wa mvua ya masika, wakati mawingu yamelala juu ya minazi.

Rada nayo hutupa mawimbi ya redio. Yakigonga ndege, au matone ya mvua, hurudi, na kwa muda waliotumia kwenda na kurudi mtambo hujua umbali. Kazi nzuri, ila chumvi ya bahari hula nyaya, radi hupiga mlingoti, na panya hawaheshimu serikali. Sisi watu wa reli twamjua fundi huyu bila kumwona, kwa kuwa tunaye wa kwetu, yule wa taa za ishara. Treni elfu zikipita salama hatajwi. Taa moja ikizimika, jina lake linaandikwa mara moja.

Tena kazi hii si ngeni pwani yetu. Mwaka 1940, mwaka ule ule ndege za Waitalia zilipoangusha mabomu Malindi, wanajeshi kutoka Afrika ya Kusini walisimamisha rada pale Mambrui, ng'ambo ya mto Sabaki, ili kuzigundua ndege za adui. Mtambo ulikuwa umeundwa Johannesburg na watu wa profesa Basil Schonland, ambaye kabla ya vita alikuwa akichunguza radi. Jina la profesa limo vitabuni, naye alistahili. Lakini ni nani aliyekesha pale Mambrui akifuta chumvi kwenye nyaya? Tumewauliza wazee, hatukupata hata jina moja.

Wala msidhani haya ni ya zamani tu. Yuko mtu wa kwetu aliyetunza mitambo jeshini miaka mingi. Aliporudi nyumbani alipeleka karatasi zake katika ofisi moja inayoajiri mafundi, akaambiwa mafunzo ya kambini hayajulikani huku. Sasa ni mlinzi wa usiku katika lango la hoteli. Juzi jenereta ya hoteli ilikufa, akaitwa fundi kutoka Mombasa, na huyu ndugu yetu akawekwa kumshikia tochi. Kosa alikuwa ameliona kabla fundi hajafungua sanduku lake la vyombo. Alinyamaza, maana hakuulizwa.

Basi barua ya shukrani peke yake haitoshi, na hapo twatofautiana kidogo na mzee. Serikali inayo mitihani ya ufundi, daraja la 3, la 2 na la 1. Twataka fundi wa jeshi afanyiwe mtihani huo angali kazini, kwa gharama ya jeshi, atoke na cheti ambacho mwajiri yeyote anakisoma. Kama wako waliokwisha kukipata, vyema. Sisi twamsemea asiyekipata.

Na kabla barua haijaandikwa, ndugu zetu wa chama cha viwanja vya ndege waulizwe kwanza. Wao ndio waliovuta moshi ule wa 2019, na ikienda bila wao kujua tutakuwa tumewatukana.

Katika mkutano ujao tutamwomba mzee asimame tena, nasi tutamuunga mkono kwa sauti. Waliozomea waje pia, ila safari hii waje na hoja.