Mama anayepanda pikipiki mara ya kwanza

Juma hili tuzungumze na mama ambaye hajapanda pikipiki hata siku moja, na sasa anataka kutoka Kabambare kuja Kasongo.

Kwanza, patana bei mbele ya kupanda. Uliza kama mzigo umo ndani ya bei hiyo. Motari akinuka pombe, mwache aende zake.

Pili, kikwembe. Ncha yake ikiingia katika mnyororo au gurudumu, itakuangusha. Vaa suruali ndani, funga kikwembe vizuri, kaa kwa kupanua miguu, si kiupande. Pandia kushoto: mara nyingi bomba la moshi liko kuume, nalo linaunguza.

Tatu, mtoto. Usimweke mbele ya motari. Anayejua kukaa awe katikati yenu. Mchanga mfunge kifuani, pua ikiwa wazi.

Nne, mkifika kwenye daraja la miti au matope, shuka uvuke kwa miguu. Hiyo si haya.

Mwenye mimba kubwa asingoje uchungu. Wakati wa mvua pikipiki inakwama, na usiku ni hatari zaidi. Aje mapema, akae kwa ndugu karibu na maternite.

Mwisho, waachie wa nyumbani jina la motari na namba ya pikipiki. Ukichelewa, watajua wamuulize nani.

Anayejua amfundishe mwenzake. Safari njema, wamama!