Kikohozi Ambacho si TB

Mkazi wa Dandora au Kayole, mitaa ya Nairobi, akikohoa majuma mawili, nyumbani na zahanatini wazo la kwanza ni TB. Hakuna wa kulaumiwa: TB tunayo kwa wingi, na inatibika. Taabu huanza pale makohozi yanapopimwa kwa mashine ya GeneXpert, jibu likatoka baada ya saa chache kwamba vijidudu havipo, na bado mgonjwa akaanzishiwa dawa za TB kwa kuwa picha ya kifua imeonyesha doa. Dawa hizo humezwa miezi sita. Doa likiwa ni saratani, muda huo unatosha uvimbe uliokuwa wa kukatwa kusambaa mwilini.

Ndiyo maana toleo hili tumelitenga kwa vipimo vya damu vya kugundua saratani ya mapafu mapema. Uvimbe huweza kuacha alama zake damuni ungali mdogo: vipande vya DNA, protini kama CEA na CYFRA 21-1, pamoja na kingamwili ambazo mwili hutengeneza ili kuukabili. Huko Scotland watu zaidi ya 12,000 walishirikishwa katika jaribio la kipimo cha kingamwili, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2020 yalionyesha kwamba waliopimwa hawakukutwa na saratani iliyokomaa kwa wingi kama wenzao ambao hawakupimwa. Tunaipokea habari hiyo kwa furaha. Ila washiriki wale walichaguliwa kwa sababu ni wavutaji wa sigara, wa sasa au wa zamani.

Sasa mfikirie mama wa Korogocho aliyepikia makaa na mafuta taa miaka nenda miaka rudi katika chumba kimoja, moshi wa jaa la taka la Dandora ukimwingilia dirishani. Sigara hajaigusa. Kwa vigezo vya Scotland, mama huyu hahesabiki. Na uchafuzi wa mazingira yetu haujawahi kuwa siri: mwaka 2007 utafiti wa UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, ulipima watoto 328 wa maeneo ya jaa hilo, na nusu yao walikuwa na madini ya risasi damuni kupita kiwango kinachokubalika.

Kuna pia ugumu wa TB yenyewe. CA-125, protini inayopimwa katika baadhi ya vipimo hivi, hupanda hata kwa mgonjwa wa TB asiye na saratani. Kipimo kilichosanifiwa mahali TB ni adimu kitawatia hofu bure watu wengi wa huku.

Kwa hiyo tunasema wazi: vipimo hivi visiletwe Eastlands, mitaa yetu ya mashariki mwa Nairobi, kuuzwa kabla ya kujaribiwa Eastlands. Watafiti waanze na wanaokohoa ambao GeneXpert haikuwakuta na TB. Wavutaji na wasiovuta watolewe damu, pamoja na waliowahi kuugua TB, na kila mmoja apigwe CT skani ili jibu la damu lilinganishwe na hali halisi ya mapafu. Gharama ya skani hiyo iwemo katika bajeti ya utafiti tangu siku ya kwanza, isiachiwe mgonjwa.