Mzee anayesukutua upande mmoja



Ndugu yangu katika imani, msikitini kwetu kuna mzee ambaye alfajiri, maji yakiwa baridi, anasukutua shavu la kulia tu, kisha anakunja uso. Nikamuuliza, akanijibu: "Sheikh, meno yananitia ganzi, lakini nasubiri, malipo yako kwa Allah." Dawa je? Akasema amenunua mtandaoni unga wa mkaa, umeandikwa "dawa ya Sunna", anausugulia asubuhi na jioni.

Hapo nikaona lazima niandike.

Jino lina ganda gumu la nje. Chini yake kuna sehemu laini kidogo yenye vitundu visivyoonekana kwa macho, vinavyoelekea kwenye neva. Ganda likilika, au ufizi ukirudi nyuma ukaacha mzizi wazi, baridi, moto, sukari na ndimu vinapata njia ya kuisumbua neva. Ganzi inatoka hapo. Sasa wewe unachukua mkaa au chumvi unasugua kwa nguvu, unalisaga hata ganda lililobaki, na likishaondoka haliotI tena. Kuuita unga huo Sunna ni kumsingizia Mtume (s.a.w.). Na wauzaji wengine, inaniuma kusema, ni walinganiaji wenzangu. Mcheni Allah.

Ndiyo, Mtume (s.a.w.) aliupenda mswaki hadi akaeleza kuwa lau si kuchelea kuutia umma wake uzito, angeuamrisha kwa kila swala. Lakini wanazuoni wetu wa Kishafii waliandika zamani kwamba kijiti kisiwe kikavu sana kikajeruhi ufizi, wala kibichi sana kisiondoe uchafu. Waliujali ufizi wako kuliko huyo muuza unga.

Basi fanya hivi. Tumia mswaki laini, ushike kwa vidole kama kalamu, usiukandamize. Nunua dawa ya meno ya meno yenye ganzi, soma boksi uone floraidi, na nyingi zina potasiamu naitreti pia. Usitarajie nafuu ya siku moja, ipe wiki 2 hadi 4 kila siku. Ukimaliza tema tu, usisukutue. Najua utaniuliza, na udhu je? Piga mswaki usiku baada ya udhu wako wa mwisho, ulale. Dawa ya meno haitengui udhu. Ukifuturu kwa juisi ya ukwaju au ndimu, ngoja kama nusu saa ndipo upige mswaki, kwa sababu uchachu unalilainisha ganda. Na maji ya udhu, yapashe moto kidogo. Hakuna thawabu ya ziada kwa kujitesa huku birika lipo.

Mafuta ya karafuu yanatuliza, sikatai. Ila hayazibi tundu, na utulivu wake ndio unaowafanya watu wachelewe.

Na hiyo subira tunayoisema, tuielewe. Mabedui walimuuliza Mtume (s.a.w.) kama wajitibu, akawaambia wajitibu. Maumivu yakikaa muda mrefu baada ya chai, yakikuamsha usiku, au ukiuma kitu jino likakuchoma, hiyo si ganzi ya kawaida. Nenda kwa daktari wa meno wiki hii. Shavu likivimba, nenda leo. Wengi mnaogopa koleo, lakini tundu likiwahiwa huzibwa. Anayechelewa ndiye anayeng'olewa.

Mzee wetu nilimpeleka. Meno mawili mizizi ilikuwa wazi, moja lilikuwa limetoboka. Kabla hajakubali lizibwe alinishika mkono akanong'ona: "Sheikh, josho langu la janaba litasihi maji yasipofika ndani ya lile tundu?" Kumbe miezi yote hiyo ndicho kilichomzuia, si subira.

Linasihi, mzee wangu. Na udhu pia unasihi. Kuziba jino ni tiba, na huambiwi ulitoboe upya kila ukioga. Mwenye baba au mama mwenye hofu hiyo, amsomee hapa.

Wallahu a'lam.