Wito wa Kupima Mionzi Asilia katika Mazao ya Meru

Kila mmea hubeba mionzi asilia, yaani nishati inayotolewa na viini vya atomi visivyo imara vilivyomo ardhini, majini na hewani, na mazao ya miteremko ya Mlima Meru hayawezi kuwa nje ya kanuni hiyo. Ndizi mshare inayopikiwa mtori ina potasiamu, na kila gramu ya potasiamu, popote ilipo, hutoa takriban bekereli 31, bekereli moja ikiwa ni kiini kimoja kinachovunjika katika sekunde moja. Mionzi hiyo si ya kuogofya, kwa kuwa mwili hujiwekea kiwango chake cha potasiamu na kuitoa ziada. Anayetangaza kwamba ndizi ni sumu anapotosha umma na kumharibia mkulima soko.

Linalostahili kuulizwa ni radiamu, inayozaliwa urani inapovunjika, ambayo mwili huipokea kana kwamba ni kalsiamu na kuiweka mifupani. Mmea huifyonza kwa mizizi, na kiasi chake hutegemea udongo na mbolea. Fosfati ya Minjingu, inayochimbwa karibu na Ziwa Manyara, ina urani na radiamu kwa kiasi kinachozidi sana kile cha udongo wa kawaida, kama watafiti wa Kitanzania walivyokwisha kuonyesha. Nayo ni mbolea yenye manufaa makubwa, hivyo hoja si kuiacha bali kujua ni kiasi gani kinachofika kwenye mchicha, mnavu, karoti na kabichi baada ya kutumiwa misimu mingi.

Wakazi wa Maji ya Chai na Oldonyosambu hawahitaji kufundishwa kwamba kitu cha asili chaweza kudhuru pasipo mtu kukimwaga. Floraidi inayotoka kwenye miamba ya volkano na kuingia katika maji ya kunywa iliyapaka meno ya watoto wao rangi ya kahawia, na ishara hiyo ndiyo iliyowazindua wengi. Radiamu haina ishara ya namna hiyo. Bila chombo cha kuipima hakuna ajuaye.

Chombo kipo. Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, iliyoundwa kwa Sheria Na. 7 ya mwaka 2003, ina maabara Njiro, jijini Arusha, na hupima mionzi katika vyakula vinavyoingia nchini na vinavyosafirishwa nje, ilhali mchicha unaopelekwa soko la Kilombero hauambatani na cheti chochote. Ili ipimwe, mboga huoshwa kama ioshwavyo jikoni, ikakaushwa, ikasagwa, kisha ikafungwa katika chombo kisichopitisha hewa kwa takriban wiki 4, ili gesi ya radoni inayotokana na radiamu isitoroke kabla ya kupimwa. Kwa kuwa mchicha mkavu hubaki na sehemu ndogo tu ya uzito wake, fungu moja la sokoni halitoshi. Zinahitajika kilo kadhaa, pamoja na udongo wa shamba lilelile na maelezo ya mbolea iliyotumika.

Gharama ya upimaji huo ni nzito kwa mkulima mmoja, lakini si kwa kijiji. Mwaka 1952 Wameru walichangishana ili mwakilishi wao, Kirilo Japhet, afike Umoja wa Mataifa, New York, kudai ardhi ya Engare Nanyuki, na hili la sasa ni dogo kuliko lile. Wananchi wa Akheri, Poli, Nkoaranga, Ngaramtoni na vijiji jirani wanaombwa walipeleke jambo hili la upimaji katika mkutano mkuu wa kijiji, wateue mashamba, wazitake halmashauri za Meru na Arusha zichangie, na wakishirikishe Chuo cha Nelson Mandela kilichopo Tengeru. Matokeo, yawe mazuri au mabaya, yasomwe katika mkutano huohuo na kubandikwa ofisi ya kijiji, kwa sababu takwimu zinazobaki kabatini hazimlindi mlaji. Sampuli za udongo zichukuliwe kabla ya mbolea ya masika kutiwa shambani, na za mboga wakati wa mavuno ya msimu huohuo.