Roho ya Kompyuta Haikai Kwenye Stika

Mteja akiingia kwenye duka la kompyuta za mtumba, Kariakoo jijini Dar es Salaam au Luthuli jijini Nairobi, kitu cha kwanza kuonyeshwa si kioo wala betri. Ni stika ya prosesa ya Intel. "Bosi, hii ni i7, siyo i5," muuzaji atasema, na bei itapanda papo hapo. Hatamwambia kwamba Core i7-7500U ya mwaka 2016 ina viini viwili tu vya kufanyia kazi, ilhali Core i5-8250U iliyotoka mwaka uliofuata ina vinne. Saba imepitwa na tano, lakini stika haijapata habari.

Nyuma ya stika hiyo kuna imani pana zaidi, yenye wafuasi kuanzia kaunta ya duka hadi kwa wachambuzi wa hisa: kwamba prosesa ndiyo roho ya kompyuta. Kwa imani hiyo, mtengenezaji anayemwacha muuzaji wake wa prosesa na kwenda kwa mwingine ama ameishiwa, ama amewasaliti wateja wake. Ni imani potofu. Na kampuni iliyoiumbua mara nyingi kuliko zote ni Apple.

Kompyuta ya kwanza ya Macintosh, mwaka 1984, ilitumia prosesa ya Motorola 68000. Mwaka 1994 Apple ilihamia PowerPC, zao la ushirikiano wake na IBM na Motorola. Mwaka 2006 ikaingia kwa Intel. Mwaka 2020 ikaanza kutumia chipu ilizozibuni yenyewe. Mara tatu imehama, na mara tatu matanga yamewekwa kabla ya maiti kuonekana. Mac bado inauzwa.

Uhamisho wa pili ndio wa kutazamwa kwa karibu, kwa sababu ndio uliowauma mashabiki kuliko mingine. Kwa miaka mingi Apple ilikuwa imewafundisha kuidharau Intel. Tangazo lake moja la mwaka 1998 lilionyesha konokono akijikokota huku amebeba Pentium II mgongoni. Kisha, tarehe 6 Juni 2005, mkuu wa Apple, Steve Jobs, akapanda jukwaani katika ukumbi wa Moscone, San Francisco, mbele ya waandishi wa programu, na kuwaambia kuwa Mac zinahamia Intel. Hakuishia hapo. Aliwafunulia kwamba kompyuta aliyokuwa akiitumia kwenye maonyesho ya asubuhi ile, muda wote, ilikuwa na prosesa ya Pentium 4 ya gigahezi 3.6.

Ukumbi mzima ulikuwa umeitazama Mac ikifanya kazi na hakuna aliyeona kasoro. Mtu anayeamini kwamba roho ya kompyuta imo kwenye prosesa ana deni la kueleza asubuhi ile. Kama roho ilikuwa imebadilishwa, mbona waumini wenyewe hawakuhisi?

Jibu ni kwamba Mac ilikuwa inaishi mahali pengine, ndani ya mfumo endeshi. Jobs alikiri siku hiyo kwamba kila toleo la Mac OS X, kwa miaka mitano, lilikuwa likitengenezwa kwa siri ili liweze kufanya kazi kwenye Intel pia. Haukuwa muujiza. Mfumo huo ulizaliwa kutokana na kazi ya NeXT, kampuni ambayo Apple iliinunua, na mfumo wa NeXT tayari ulikuwa umeshapita kwenye prosesa za aina kadhaa. Wahandisi walikuwa wameujenga mfumo kama hema, si kama msingi wa zege.

Watetezi wa stika wana kimbilio lao hapa. Watasema: sawa, lakini Apple ilihama kwa sababu prosesa za Intel zilikuwa na kasi zaidi, kwa hiyo namba ndiyo iliyoamua. Hilo nalo ni kusoma kurasa nusu. Juni 2003 Jobs alizindua Power Mac G5 yenye prosesa ya IBM, na akaahidi kwamba ndani ya miezi 12 ingefika gigahezi 3. Mwaka ukapita, ikafika 2.5, tena ile ya juu kabisa ilihitaji kupozwa kwa kimiminika kinachozungushwa ndani ya kasha. Ahadi ni deni, lakini deni hili lilikuwa la IBM na lilikuwa limeandikwa kwa jina la Jobs. Na kilichouma zaidi si hizo gigahezi zilizopungua. Ni joto. G5 iliyoshindwa kutulia ndani ya kasha kubwa la mezani isingeweza kuingizwa kwenye kompyuta mpakato, wakati ambapo wanunuzi wengi walikuwa wanazitaka hizohizo za kubeba begani. Kompyuta mpakato ya PowerBook yenye G5 haikutoka kamwe.

Ndiyo maana hoja ya Jobs mwaka 2005 ilijengwa juu ya kazi inayofanyika kwa kila wati moja ya umeme, na juu ya njia ya mbele: muuzaji huyu ataleta nini miaka mitatu ijayo? Swali hilohilo ndilo lililoitoa Apple kwa Intel baadaye. Intel ilichelewa kwa miaka kuleta teknolojia yake ya nanomita 10. Apple, iliyokuwa imeinunua kampuni ya ubunifu wa chipu ya P.A. Semi mwaka 2008 kwa dola milioni 278, ilikuwa imeshajifunza kazi hiyo kupitia iPhone. Novemba 2020 ikatoa M1, iliyotengenezwa na TSMC ya Taiwan kwa nanomita 5, na MacBook Air mpya ikauzwa bila feni hata moja.

Je, wateja walikimbia? Katika mwaka wake wa fedha wa 2005 Apple iliuza Mac zipatazo milioni 4.5. Mwaka wa 2007, uhamisho ukiwa umekamilika, iliuza zaidi ya milioni 7. Usaliti gani huo unaojaza duka?

Sasa tuugeuze upande wa pili, tuwatazame wale waliosifiwa kwa uaminifu. Kwa miaka mingi Dell ilitumia prosesa za Intel peke yake, na wengi waliona hapo dalili ya ubora: kampuni kubwa imechagua kilicho bora na imetulia. Mwaka 2010 Dell ilikubali kulipa dola milioni 100 kumaliza shauri lililofunguliwa na tume ya Marekani inayosimamia masoko ya hisa, bila kukiri wala kukana kosa. Tume ilidai kuwa Intel ilikuwa ikiilipa Dell ili isitumie prosesa za AMD, mshindani wa Intel, na kwamba katika robo moja ya mwaka malipo hayo yalifikia asilimia 76 ya faida yake ya uendeshaji. Wawekezaji hawakuambiwa. Mteja aliyeiona stika akadhani ni cheti cha ubora hakujua kwamba uaminifu ule ulikuwa na ankara.

Apple, kwa upande wake, ilitumia prosesa za Intel kwa zaidi ya miaka 14 na haikubandika stika ile kwenye kompyuta hata moja.

Hayo hayamaanishi kwamba kuhama ni mchezo. Mwaka 2012 Microsoft ilitoa Surface RT, kifaa chenye chipu ya aina ya ARM. Chipu haikuwa tatizo kubwa. Tatizo ni kwamba programu za Windows ambazo watu walikuwa wamezizoea na kuzilipia kwa miaka hazikuweza kufanya kazi humo, na dukani kifaa kilionekana kama kompyuta nyingine yoyote ya Windows. Julai 2013 Microsoft ilifuta dola milioni 900 vitabuni kwa sababu ya mzigo uliokosa wanunuzi. Apple kila ilipohama ilimwekea mteja mkalimani: programu ya Rosetta ilizitafsiri programu za PowerPC zifanye kazi kwenye Intel, na Rosetta 2 ikazitafsiri za Intel kwa chipu za M1. Microsoft ilimhamisha mteja na kumwachia mizigo yake nyumba ya zamani.

Hata hivyo Apple haistahili kupigiwa makofi tu. Mkalimani wake ana tarehe ya kustaafu. Oktoba 2005, miezi minne baada ya tangazo la Moscone, ilikuwa bado inazindua Power Mac G5 yenye viini vinne. Aliyeinunua alikuta mwaka 2009 mfumo mpya wa Snow Leopard haumtambui tena, na mwaka 2011 Rosetta yenyewe ikaondolewa. Mchezo umejirudia: Mac Pro yenye Intel, iliyoanzia dola 5,999, iliuzwa hadi Juni 2023, na miaka miwili baadaye Apple ikatangaza kwamba macOS Tahoe ndilo toleo la mwisho kwa mashine za Intel. Mwenye mashine hiyo ana haki ya kunung'unika, tena kwa sauti. Ila lalamiko lake linahusu muda aliopewa na mtengenezaji, na halipungui wala haliongezeki kwa jina lililoandikwa juu ya chipu.

Mashine hizo sasa zinaingia kwenye soko la mtumba. Kwenye rafu moja kuna MacBook Pro ya inchi 16 ya mwaka 2019, nzito, yenye feni mbili, na pembeni yake MacBook Air ya M1 iliyotoka muda mfupi tu baadaye. Muuzaji anashika ile ya kwanza kwa mikono miwili. "Bosi," anasema, "hii ni i9." Mteja mwenye fedha mkononi ana swali moja la kumuuliza kabla hajazihesabu: itaendelea kupokea masasisho hadi mwaka gani?