Picha ya leseni na stara ya mwanamke wa Kiislamu: Mpaka wa dharura ni upi?

Sifa zote njema anastahiki Allah (SW), Mola Mlezi wa walimwengu wote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW), jamaa zake na masahaba zake.

Ndugu wasomaji, Ijumaa ya leo tuzungumzie jambo ambalo kwa nje linaonekana dogo, lakini ndani yake mna maswali makubwa ya dini, ya sheria na ya haki za raia. Nalo ni picha iliyomo katika leseni ya udereva, na wajibu wa kuihuisha kila muda wake unapokwisha.

Leseni ina tarehe ya mwisho. Hapa Tanzania huhuishwa kila baada ya miaka mitano, baada ya muda huo kuongezwa kutoka miaka mitatu mwaka 2019. Nchini Uingereza, ambako familia nyingi za pwani yetu zina ndugu, picha ya leseni ya kadi hutakiwa kubadilishwa kila baada ya miaka 10, na anayepuuza anaweza kutozwa faini hadi pauni 1,000. Huko huruhusiwa kufunika kichwa kwa sababu ya dini, ilimradi uso uonekane wote. Basi kwa dada anayevaa ushungi, jambo hili halina uzito mkubwa. Uzito unakuja kwa dada anayevaa niqabu, vazi ambalo mitaani wengi huliita "ninja". Yeye kila baada ya miaka kadhaa hukabiliwa na swali lile lile: je, afunue uso mbele ya kamera, au aache kuendesha gari?

Swali hili limekwishafika mahakamani, na kesi iliyojulikana zaidi ni ya jimbo la Florida nchini Marekani. Ni vyema tuielewe kwa undani, kwa kuwa wengi waliisikia kwa juu juu tu, na kila mmoja akaichukua kwa upande aliotaka.

Kesi ya Florida

Sultaana Freeman ni Mmarekani aliyesilimu mwaka 1997. Mwanzoni mwa mwaka 2001 alipewa leseni ya Florida yenye picha inayoonesha macho yake tu. Hakujificha wala hakudanganya. Picha hiyo ilipigwa na watumishi wa serikali wenyewe, naye akaendesha gari kwa leseni hiyo. Kabla ya hapo, akiwa katika jimbo la Illinois, alikuwa pia na leseni yenye picha ya namna hiyo.

Mwishoni mwa mwaka huo, baada ya mashambulizi ya Septemba 11, alipokea barua ya idara husika ikimtaka aende kupigwa picha nyingine, uso ukiwa wazi. Alikataa, na Januari 2002 leseni yake ikafutwa. Akafungua kesi akitegemea sheria ya Florida ya mwaka 1998 inayolinda uhuru wa kuabudu. Kwa mujibu wa sheria hiyo, serikali haiwezi kumwekea mtu kizuizi kikubwa katika dini yake mpaka ithibitishe kuwa ina sababu nzito, na kwamba imechagua njia yenye madhara madogo kabisa.

Kesi ilisikilizwa mjini Orlando Mei 2003. Mawakili wake walisema kuwa Florida yenyewe hutoa vibali na leseni za muda zisizo na picha, kwa hiyo picha si nguzo ambayo bila yake usalama huanguka. Upande wa serikali ulisema sheria ya jimbo inataka picha ya uso mzima, na kwamba askari barabarani hawezi kumtambua mtu kwa macho mawili. Serikali ilimleta pia msomi Muislamu wa sheria ya Kiislamu, Profesa Khaled Abou El Fadl wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles. Alieleza kuwa sheria yetu ina mlango wa dharura, na kwamba hata katika nchi za Kiislamu wanawake hufunua uso kwa ajili ya vitambulisho.

Tarehe 6 Juni 2003, Jaji Janet Thorpe alitoa hukumu dhidi ya dada huyo. Alikiri kwamba yeye mwenyewe kwa uwezekano mkubwa si tishio kwa mtu yeyote. Hata hivyo, alisema, wapo wanaoweza kujifanya watu wa dini ili wautumie mwanya huo kwa uovu. Aliona pia kuwa kufunua uso kwa muda mfupi, mbele ya mpiga picha mwanamke na bila mtu mwingine kuwepo, si kizuizi kikubwa katika ibada. Mahakama ya rufaa ikaiunga mkono hukumu hiyo.

Si Waislamu peke yao

Wapo waliosema kesi ile ilikuwa chuki dhidi ya Uislamu tu. Kwamba wakati ilipoandikwa ile barua unatia shaka, hilo halikanushiki: picha iliyokubaliwa Februari iligeuka kuwa hatari kabla ya mwaka kwisha, na mwenye picha hajatenda kosa. Lakini Mwenyezi Mungu ametuamrisha uadilifu hata tunapokuwa na uchungu, na uadilifu unatutaka tuwatazame na wengine waliopita njia hiyo.

Katika jimbo la Nebraska alikuwepo mwanamke Mkristo, Frances Quaring, aliyeamini kuwa kupigwa picha ni kuvunja amri ya Biblia inayokataza sanamu. Aliomba leseni isiyo na picha kabisa. Mahakama ya rufaa ya shirikisho ilimpa haki yake mwaka 1984, ikizingatia kuwa jimbo lenyewe lilikuwa likiwasamehe madereva wengine picha. Mwaka 1985 majaji wa Mahakama ya Juu waligawanyika wanne kwa wanne, na hivyo ushindi wake ukabaki. Tazameni: hoja iliyomfaa Quaring ndiyo waliyoitoa mawakili wa Freeman, lakini haikumfaa yeye. Wa kwanza alihukumiwa katika zama za utulivu, wa pili katika zama za hofu.

Nchini Kanada nako, Wahutterite, Wakristo wanaoishi kwa ujamaa mashambani, walikuwa wakipewa leseni zisizo na picha katika jimbo la Alberta tangu mwaka 1974. Mwaka 2003 jimbo liliufuta msamaha huo, likisema linataka kila dereva awe na picha katika hazina moja ya kumbukumbu ili kuzuia wizi wa utambulisho. Mwaka 2009 Mahakama Kuu ya Kanada iliunga mkono serikali, majaji wanne dhidi ya watatu, ikieleza kuwa kuendesha gari si haki bali ni ruhusa, na kwamba watu hao wangeweza kuajiri madereva. Wenye kuishi mbali na mji wanajua uzito wa kauli hiyo.

Kwa hiyo mgogoro huu haukuanza na niqabu wala hautaishia kwayo. Ni mgogoro kati ya dola inayotaka kumtambua kila mtu na mja anayetaka kumtii Mola wake.

Wanazuoni walisemaje?

Maamrisho ya stara yamo katika Surat An-Nur aya ya 31 na Surat Al-Ahzab aya ya 59. Kuhusu uso, wanazuoni wametofautiana tangu zamani. Wako waliosema uso na viganja si katika vinavyolazimu kufunikwa, na wako waliowajibisha kuufunika uso mbele ya wanaume ajinabi. Ndani ya madhehebu ya Imam Shafii, ambayo ndiyo ya wengi katika pwani yetu, kauli zote mbili zimo. Basi asidharauliwe dada aliyechagua kauli yenye uzito zaidi, wala asihukumiwe kuwa na upungufu wa imani aliyeshika nyingine.

Lakini hata wale waliowajibisha kuufunika uso hawakuufunga mlango. Imam Nawawi, katika kitabu chake cha Minhaj ambacho kimesomeshwa sana katika darasa za pwani, ametaja kuwa inajuzu kutazama kwa ajili ya muamala, ushahidi na mafundisho. Anayemuuzia mwanamke shamba anahitaji kujua ni nani aliyemuuzia, na shahidi hawezi kusimama mbele ya kadhi na kusema "ni huyu" ikiwa hajapata kumwona. Ama katika ihramu, mwanamke amekatazwa kuvaa niqabu.

Tukiipima leseni kwa mizani hiyo tunaona kuwa ni ushahidi wa maandishi. Inasema: mtu huyu, mwenye uso huu, amefunzwa na ameruhusiwa kuendesha. Ajali ikitokea na damu ya watu ikamwagika, kumjua aliyekuwa nyuma ya usukani ni haki ya majeruhi na ya warithi wa marehemu. Ndiyo maana hata Saudi Arabia, nchi iliyokuwa kali kuliko zote katika jambo hili, ilianza mwaka 2001 kuwapa wanawake vitambulisho vyenye picha ya uso, na Juni 2018 ikawaruhusu kuendesha magari.

Kwa hiyo anayesema kwamba sheria ya Kiislamu hairuhusu kabisa mwanamke kufunua uso kwa ajili ya leseni amebana palipo na wasaa.

Nusu ya kanuni iliyosahauliwa

Hata hivyo, kanuni ya dharura ina nusu ya pili, na ndiyo ambayo mahakama haikuipa uzito wake. Haja hukadiriwa kwa kiasi chake. Nawawi mwenyewe, baada ya kutaja ruhusa hiyo, ameifungia kwa kiasi cha haja. Shahidi anatazama uso kiasi cha kutambua, kisha anainamisha macho. Hakuruhusiwa kuuchukua uso ule akaondoka nao.

Jaji alipima dakika chache za chumba cha kupigia picha, akaona ni nyepesi. Ni kweli, dakika ni nyepesi. Lakini picha haiishi pale kwenye kamera. Kadi itaoneshwa kwa askari, kwa karani wa benki, kwa mlinzi wa mlangoni. Tena kuna lililo zito zaidi: picha huingia katika kompyuta na kubaki humo. Huko huko Florida, ofisi ya polisi ya kaunti ya Pinellas imekuwa na mtambo wa kutambua nyuso tangu mwaka 2001, na mtambo huo hupekua pia picha za leseni za madereva. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Georgetown walikadiria kuwa nusu ya watu wazima wote wa Marekani, zaidi ya watu milioni 117, wamo katika hazina za picha zinazoweza kupekuliwa na polisi kwa njia hiyo.

Hapa sura ya suala imebadilika. Ushahidi uliokuwa wa jicho moja kwa haja moja umekuwa jicho lisilofumba, kwa haja ambazo mwenye uso hakuambiwa siku aliyopigwa picha. Huo si mpaka wa dharura tena. Na hili si la mwenye niqabu peke yake. Linamgusa mwenye ushungi, linamgusa mwanamume mwenye kofia, linamgusa jirani yetu asiye Muislamu. Dada wa Florida alishindwa kesi, lakini swali lake kuhusu nani ataitazama picha yake, na kwa ruhusa ya nani, limebaki hai hata kwa wale waliomcheka.

La kufanya

Kwanza, wazazi na waume wazijue tarehe. Leseni iliyokwisha muda humweka dereva matatani, na pengine hubatilisha bima siku ya ajali. Kuwafanya watu wakose fidia yao kwa uzembe wa kuhuisha kadi ni dhulma, haina uhusiano na uchamungu.

Pili, dada anayevaa niqabu asiende kupigwa picha kwa kushtukizwa. Aulize mapema iwapo yupo mtumishi mwanamke na mahali pa faragha, naye afuatane na maharimu wake au dada mwenzake. Ombi likitolewa kwa adabu na mapema, mara nyingi husikilizwa. Huko Florida utaratibu wa mpiga picha mwanamke ulikuwepo. Hapa kwetu misikiti na taasisi zetu ziuombe uwekwe kwa maandishi, usitegemee huruma ya karani wa siku hiyo.

Tatu, mwenye kuvaa ushungi asikubali kuambiwa auvue kwa kuwa eti masikio lazima yaonekane, ikiwa kanuni haisemi hivyo. Aombe kwa upole aoneshwe kanuni yenyewe. Mara nyingi anayetoa amri hiyo amesikia tu, hajaisoma.

Nne, wasomi wetu wa sheria wasishughulike na dakika ya kamera tu. Waulize picha zetu huhifadhiwa wapi, nani ana ruhusa ya kuzipekua, na zitafutwa lini. Tanzania imekuwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu mwaka 2022, na Kenya iliitunga ya kwake mwaka 2019. Nyenzo hizo zimo mikononi mwetu, nasi tumezilaza.

Ndugu wasomaji, dola ina haki ya kumjua dereva wake, na mja ana haki ya stara yake. Haki hizi mbili hazigombani mpaka mmoja avuke mpaka wa mwenzake. Anayeficha uso wake mbele ya haki ya majeruhi amevuka. Na anayechukua uso wa mtu kwa ajili ya leseni, kisha akautumia kwa jambo jingine bila idhini, naye amevuka. Uso uliofunuliwa kwa haja ni amana, na amana hurudishwa kwa wenyewe.

Tunamuomba Allah (SW) atusitiri duniani na akhera, na awaongoze wenye mamlaka katika uadilifu. Amin. Wallahu aalam.